Mnajimu wa Khandapara na Fimbo Yake

Wanangu, kila kijana aliyesoma kidogo hufika siku moja mahali pagumu: alilofundishwa na wakubwa wake halilingani na analoliona kwa macho yake. Wengi wakifika hapo hushika njia moja kati ya mbili. Kuna anayefumba macho, akasema wazee hawakosei, akaendelea kukariri. Na kuna anayetupa kila kitu kwa mkupuo mmoja, akawaona waliomlea kuwa wajinga, akaondoka mikono mitupu kwenda kutafuta wengine wa kuwafuata. Nimeishi miaka ya kutosha kuona madhara ya njia zote mbili, majumbani, mashambani na hata katika siasa. Ndiyo maana nataka niwape habari za mnajimu mmoja wa Kihindu aliyefika mahali hapo akiwa kijana wa miaka 15, akakataa kufumba macho na akakataa kutupa.

Jina lake Chandrasekhara Singh Samanta. Watu wa kwao walimwita, na mpaka leo wanamwita, Pathani Samanta. Alizaliwa Desemba 1835 huko Khandapara, dola ndogo ya kifalme katika nchi ya vilima ya Odisha, mashariki ya India. Husimuliwa kwamba watoto waliomtangulia walikuwa wamekufa, na wazazi wake, kwa kuogopa msiba mwingine, wakamkabidhi kwa desturi tu kwa fakiri wa Kiislamu, naye ndipo akapata jina hilo la Pathani. Alikuwa wa ukoo wa watawala, lakini msije mkadhani alikuwa tajiri. Ukoo ulikuwa na heshima kuliko fedha. Kiingereza hakukijua. Alisoma Kisanskriti na lugha yake ya Kiodia, na nyumbani kwao kulikuwa na hazina ya vitabu vya kale vilivyoandikwa juu ya majani ya mvumo.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, ami yake mmoja alimfundisha unajimu kidogo na kumwonyesha baadhi ya nyota kwa majina yake. Katika elimu ile, jambo la kwanza la kujua ni buruji ipi inachomoza upande wa mashariki dakika mtoto anapozaliwa. Juu ya hilo ndipo hujengwa mengine yote: ndoa, safari, kazi, ugonjwa. Kijana akajifunza kupiga hesabu hizo kwa kufuata vitabu. Kisha akafanya jambo ambalo wanajimu wengi wa wakati wake hawakujisumbua kulifanya. Usiku alitoka nje akatazama.

Nyota hazikuchomoza saa ambayo hesabu ilisema. Sayari hazikuwa mahali vitabu vilipoziweka.

Hebu jiwekeni katika nafasi yake. Vitabu vile havikuwa vya mtu wa mtaani. Kimojawapo ni Surya Siddhanta, kitabu ambacho Wahindu wa enzi na enzi walikihesabu kuwa elimu iliyoshuka kutoka kwa Jua lenyewe. Kingine ni Siddhanta Shiromani, alichokiandika Bhaskara mwaka 1150, na Bhaskara ni miongoni mwa vichwa vikubwa vya hesabu ambavyo dunia imewahi kupata. Kijana wa miaka 15 kutoka kijijini, asiye na mwalimu wa kumshika mkono, anasimama uani usiku na kuona kwamba mbingu haiwatii mabwana wakubwa hawa.

Angeweza kusema macho yake ndiyo mabovu. Angeweza pia kwenda barabarani akatangaza kwamba wazee walikuwa waongo. Yeye alijiuliza swali la tatu, na hili ndilo ninalotaka mlikamate: wamekosea kwa kiasi gani, na kwa sababu gani? Swali la "kiasi gani" haliwezi kujibiwa kwa ubishi. Hujibiwa kwa kupima.

Na sababu yenyewe, mkiielewa, itawafundisha heshima. Bhaskara hakuwa mzembe. Kama saa ya ukutani inachelewa nusu dakika kwa siku, wiki ya kwanza hakuna atakayegundua. Baada ya mwaka itakuwa nyuma kwa saa tatu, na hata hivyo fundi aliyeiunda hakuwa tapeli. Hesabu za mwendo wa mwezi na sayari ziko hivyo hivyo. Kosa dogo mno katika kasi ya sayari, ambalo mtu wa mwaka 1150 hakuwa na njia ya kuliona, lilikuwa limejilimbikiza kwa miaka 700 mpaka Samanta alipotoka uani kwao. Wenyewe wale wa kale walilijua hilo. Katika mapokeo yao mlikuwa na utaratibu wa masahihisho ambayo kizazi kipya huongeza juu ya hesabu ya kizazi kilichotangulia, ili ilingane tena na mbingu. Mlango waliuacha wazi. Wengi wa waliokuja nyuma wakawa wanapita mbele ya mlango huo wakikariri.

Basi kijana akahitaji vyombo, na vyombo hakuwa navyo. Darubini hakuwa nayo. Mafundi wa kumchongea vipimo vya shaba hakuweza kuwalipa. Akachukua mianzi na miti.

Chombo chake mashuhuri alikiita mana yantra. Wakati nikifundisha hesabu niliwatengenezesha wanafunzi wangu cha mfano huo, na nyinyi mnaweza kukitengeneza leo jioni. Chukueni ufito mnyoofu wa sentimita 60. Kwenye ncha yake moja fungeni ufito mwingine mfupi, ukae mraba kama herufi T. Huo mfupi utoboeni matundu, na kila tundu liandikwe umbali wake kutoka pale fito mbili zinapokutana. Ncha iliyo tupu iwekeni karibu na jicho, ufito mrefu ulale sawasawa kama maji yalivyotulia, kisha tazameni kilele cha mnazi kupitia tundu moja baada ya jingine mpaka mpate lile linalolingana nacho. Tuseme ni tundu la sentimita 30. Basi kilele kiko juu ya jicho lenu kwa nusu ya umbali uliopo kati yenu na shina. Hamjui umbali huo, labda kuna mto katikati? Rudini nyuma mita 12, mpime tena. Ikiwa sasa kilele kinaonekana kupitia tundu la sentimita 20, basi kimo ni theluthi ya umbali mpya. Kaeni chini na kalamu: umbali wa kwanza ulikuwa mita 24, na kilele kiko mita 12 juu ya jicho. Ongezeni kimo cha jicho lenu kutoka ardhini, mnazi mmeupima bila kuugusa.

Yeye matundu yake aliyapanga kwa kufuata tanjenti za pembe, kwa hiyo hakuhitaji kupiga hesabu kila mara. Tundu lenyewe lilimwambia pembe. Kwa fimbo ile alipima vilima vya kwao, kisha akaigeuzia mwezi, kisha sayari. Mchana alitumia kijiti cha kivuli. Alikuwa pia na saa ya maji, na tufe la duara zilizounganishwa, mfano wa mbingu, alilolitengeneza mwenyewe. Usiku aliandika, na usiku uliofuata akaandika tena. Masika ya India yanapoanza mawingu hufunika anga kwa miezi. Mtu wa kazi hiyo hana la kufanya ila kungoja. Anga lilipotakata alirudi kwenye kazi.

Nitawatolea jambo moja lililotoka katika kazi ile, mlione kwa karibu. Njia ya mwezi angani haifuatani kabisa na njia ya jua, imeinama kidogo. Uinamo huo ndio unaoamua kama mwezi mpevu utaingia katika kivuli cha dunia au utapita juu yake au chini yake, yaani kama utapatwa au hautapatwa. Vitabu vya kale vya India viliuweka uinamo kuwa nyuzi 4 na dakika 30. Samanta, kwa jicho na fimbo, alipata nyuzi 5 na dakika 9. Wataalamu wa leo, wenye vyombo vya mabilioni, wanasema nyuzi 5 na dakika 9. Tofauti kati ya kitabu cha kale na kipimo chake ni dakika 39 za upinde, na upana wa mwezi mpevu unaouona kwa macho ni dakika 31 tu. Kosa lilikuwa kubwa kuliko mwezi wenyewe, na lilikaa vitabuni karne baada ya karne kwa sababu wachache walitoka nje na kipimo.

Jingine ni mwendo wa mwezi. Mwezi hauendi kwa kasi moja. Jua linauvuta huku na huku, mara unawahi, mara unachelewa, na kuchelewa kwenyewe kuna namna tatu kubwa zilizochanganyikana. Wagiriki wa kale waliikamata moja. Nyingine mbili, huko Ulaya, zilijulikana katika zama za wanafalaki Tycho Brahe na Johannes Kepler. Samanta, asiyewahi kuwasoma hawa, alizitenganisha zote tatu, kila moja akaipa jina lake na kiasi chake. Fikirini ukubwa wa uvumilivu huo: kuona kwamba mwezi umekosa mahali pake, kisha kugundua kwamba kosa lenyewe lina sura tatu, na kuzifumua moja moja kama anayefumua mafundo usiku bila taa.

Mwaka 1874 lilitokea jambo la nadra. Tarehe 9 Desemba sayari ya Zuhura ilipita mbele ya jua, ikaonekana kama doa jeusi dogo likivuka uso wake. Mataifa makubwa yalituma misafara ya meli na masanduku ya vyombo. Huko huko India, Wataliano walipiga kambi Muddapur katika Bengal, Waingereza wakajipanga Roorkee. Na katika Odisha mwanamume mmoja aliandika kitabuni mwake kwamba mwaka huo jua lilipatwa kwa Zuhura, na kwamba upana wa Zuhura ulionekana kuwa sehemu moja ya 32 ya upana wa jua. Kipimo hicho ni sahihi kwa jicho tupu, karibu kabisa na kile cha darubini. Kutokana nacho akathibitisha kwamba sayari ni ndogo mno kuliko jua. Hakukuwa na gazeti lililomtaja siku hiyo.

Kitabu chenyewe kinaitwa Siddhanta Darpana. Alianza kukitunga mwaka 1858 hivi, akiwa na miaka 23, na kufikia 1869 kilikuwa kimekamilika, ingawa aliendelea kuongeza aliyoyaona baadaye. Kina beti zipatazo 2,500 za Kisanskriti, nyingi zikiwa tungo zake mwenyewe, nyingine amezichukua kwa watu wa kale na kuzitambua kuwa ni zao. Beti, wanangu. Hesabu za mwezi na sayari kwa mizani ya shairi, kwa sababu ndivyo elimu ya kwao ilivyohifadhiwa: inayoimbika hukaa kifuani. Aliandika kwa kalamu ya chuma, akichora herufi za Kiodia juu ya jani kavu la mvumo. Kisha jani hupakwa masizi, yakaingia ndani ya michoro, herufi zikasomeka. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1866, njaa kubwa iliipiga Odisha ikaua watu wasiopungua milioni moja. Mwili wake mwenyewe ulikuwa dhaifu, tumbo likimsumbua na usingizi ukimpaa. Nayataja haya kwa sababu kuna vijana wanaoniambia wataanza kazi yao ya maana hali itakapokuwa nzuri.

Mtaniuliza, yote hayo kwa faida gani? Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Maisha ya Wahindu wa Odisha, ya ibada na ya nyumbani, yalipangwa na yanapangwa kwa kalenda inayohesabu mwezi sehemu kwa sehemu. Mwezi mwandamo mmoja hugawanywa katika sehemu 30, na kila sehemu ni nyuzi 12 za umbali kati ya mwezi na jua. Funga ya siku ya 11, ndoa, kumbukumbu za marehemu, sikukuu ya mji wa Puri ya kuvuta magari makubwa ya mbao ya mungu wao Jagannath, zote zinangojea sehemu yake. Sasa pigeni hesabu. Mwezi hulitangulia jua kwa nyuzi 12 hivi kwa siku. Ukikosea mahali pa mwezi kwa uzi mmoja, umekosea saa mbili. Mjane aliyefunga tangu asubuhi anafungulia wakati usio wake. Kuhani anawasha taa saa iliyokwisha pita. Watu walikuwa wanafanya ibada zao kwa moyo safi katika saa mbovu, na hawakujua. Samanta aliona kwamba kosa la jedwali lilikuwa deni kwa watu hao, akakaa miaka akililipa. Hesabu zake zikakubaliwa na makuhani na wanazuoni wa Puri, na kalenda ya hekalu la Jagannath ikazifuata. Kalenda za Odisha zinamtaja mpaka hivi leo.

Sasa niseme wazi jambo ambalo baadhi yenu mnalingoja. Mimi siamini kwamba nyota imeandika riziki ya mtu au siku atakayokufa. Dini yangu hainiruhusu na akili yangu haijashawishika. Yeye aliamini, alikuwa mnajimu, aliwatazamia watu nyota zao, na kwao husimuliwa kwamba alijua mapema siku ya kufa kwake. Hilo silichukui. Lakini angalieni alivyoendesha kazi yake. Katika unajimu kuna upande unaoweza kupimwa, yaani sayari iko wapi na mwezi utapatwa lini, na kuna upande usiopimika, yaani hilo lina maana gani kwa ndoa ya fulani. Mnajimu mvivu hukimbilia upande wa pili, kwa sababu huko hakuna wa kumkamata. Samanta alitumia ujana wake na afya yake katika upande wa kwanza, ambako mbingu ingeweza kumwumbua mbele ya watu wote usiku wowote. Alisema kupatwa kutakuwa saa fulani, watu wakatoka nje wakatazama.

Siku hizi simu zenu zimejaa watabiri. Yupo wa nyota za wiki, wa namba za bahati, wa mpira, wa sarafu za mtandaoni, wa kukuambia biashara gani itakutajirisha mwaka huu. Sitawaambia msisikilize mtu yeyote. Nawaambia mumwulize kila mmoja: wewe ulisema nini mwezi uliopita, na kimetokea nini? Nionyeshe ulipoandika. Asiyeweza kuonyesha, msimpe fedha zenu, hata kama ana wafuasi laki tano na gari la kifahari. Na swali hilo hilo mjiulize nyinyi katika kazi zenu. Daktari, mkulima, fundi, mwalimu, kila mmoja ana upande wa kazi yake unaopimika na upande wa maneno. Utamjua bingwa kwa upande anaopenda kukaa.

Nisimpambe kuliko alivyokuwa. Samanta aliona kwamba sayari huzunguka jua, na hilo alilifikia mwenyewe kwa kutazama. Lakini jua na mwezi alisema vinaizunguka dunia, na dunia imetulia. Aliandika hoja za kuutetea utulivu huo. Huko Ulaya mwanafalaki Copernicus alikuwa ameandika kinyume chake mwaka 1543, zaidi ya miaka 300 nyuma, na vitabu vilikuwa vimejaa mjini Calcutta, mwendo wa siku kadhaa kutoka kwake, kwa lugha asiyoijua. Inaniuma kila nikilifikiri hili. Mtu mwenye jicho lile, angekuwa na mwenzake mmoja wa kubishana naye usiku, angefika wapi? Kutazama peke yako kunakupeleka mbali, ila kuna milima ambayo mtu mmoja haivuki. Kwa hiyo someni lugha za watu. Kiingereza, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, chochote mtakachopata, wala msidhani kwamba mkisoma lugha ya wengine mmekihama Kiswahili.

Na hapa nina neno kwa nyinyi mliofika vyuo vikuu. Kitabu cha Samanta kingeliwa na mchwa kama si mtu mmoja. Huyo ni Jogesh Chandra Ray, Mbengali, mwalimu wa sayansi katika Chuo cha Ravenshaw mjini Cuttack. Alikuwa na elimu ya Kizungu kamili, mshahara, na jina. Aliposikia kwamba kuna mzee wa vilimani anayejua mbingu kwa fimbo ya mti, angeweza kucheka akapita. Alikaa naye. Akasoma yale majani, akayapambanisha na majedwali ya kisasa, namba kwa namba, akaona kwamba alikuwa mbele ya mtu mkubwa. Watawala wa dola za Athmallik na Mayurbhanj wakatoa fedha, na mwaka 1899 Siddhanta Darpana kikachapishwa Calcutta, kikiwa na utangulizi mrefu wa Kiingereza ambao Ray aliuandika ili dunia ijue. Ndani yake alimlinganisha Samanta na Tycho Brahe, yule Mdenmarki wa karne ya 16 aliyepima nyota kabla ya darubini kuwapo. Ulinganisho huo ni wa haki, ila tukumbuke kwamba Tycho alipewa kisiwa kizima na mfalme wake, na fedha za kujengea vyombo vya shaba virefu kuliko mtu. Huyu alikuwa na mianzi. Mwaka huo huo jarida la Nature la London likaandika habari za kitabu hicho. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kumpa, mwaka 1893, cheo cha Mahamahopadhyaya, kilichotolewa kwa wanazuoni wakubwa wa Kisanskriti.

Hesabuni miaka. Kitabu kiliisha 1869, kikachapishwa 1899. Miaka 30 kilikaa juu ya majani, mwandishi wake akiendelea kutazama na kusahihisha. Alifariki Puri tarehe 11 Juni 1904.

Kwetu sisi wa pwani akina Samanta wamepita pia, ila hatujui majina yao, kwa sababu hakuna Ray aliyekaa nao. Manahodha waliovuka mpaka India na Uarabuni kwa nyota walikuwa watu wa kupima. Wakulima na mabaharia wetu walikuwa na mwaka wa Nairuzi, wakizihesabu siku zake kumi kumi, miongo, na kwa hesabu hiyo wakajua lini waanike jahazi, lini wapande mazao, lini kusi itaamka na lini kaskazi itarudi. Leo wengi wenu mnaijua Nairuzi kama ngoma na vurugu za Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Ni mwaka wa siku 365, usio na siku ya nyongeza, na mwaka wa jua unazidi hapo kwa karibu robo siku. Pigeni hesabu wenyewe: husogea karibu siku moja kila miaka minne, siku 24 hivi kwa karne. Mzee aliyefundishwa na babu yake kwamba upepo fulani huja katika mwongo fulani, na babu naye akafundishwa na babu yake, anaweza kuwa anasema kweli iliyokwisha kusogea kwa mwezi mzima.

Basi msimwambie mzee huyo kwamba amepitwa na wakati, na msimwitikie tu kwa adabu huku mkitazama simu. Nendeni mkakae naye. Andikeni maneno yake yote: mwongo gani, upepo gani, samaki gani, mvua ipi, nyota gani ikiwa wapi alfajiri. Andikeni na jina lake na la kijiji chake, akiridhia. Kisha nunueni daftari moja gumu, na kila siku, kwa miaka, andikeni tarehe na kilichotokea: upepo umegeuka lini, mvua ya kwanza lini, samaki wameingia lini. Anayekaa Tanga na anayekaa Kilwa walinganishe madaftari yao kila mwaka. Mkiona tofauti, iandikeni ni ya siku ngapi, na mrudi kwa mzee mkamwonyeshe yeye kwanza, kabla hamjamwonyesha mtu mwingine yeyote.